Bendera Iliyougua Homa ya Manjano

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota bendera ya Ireland imekaa kitako juu ya cherehani yangu, inalalamika kwamba haijisikii vizuri.

Kwanza niseme bendera hiyo ilifikaje kwangu, maana sehemu hiyo si ndoto. Mimi ni fundi wa kushona hapa Babati, naitwa Emeliana Bura. Sista Atrakta, mkunga wa zahanati yetu ya misheni, anarudi kwao Ireland baada ya miaka thelathini na minane. Watoto wangu wote watatu aliwapokea yeye. Parokia ikapanga kumuaga Jumapili, na katekista Hhando akaniletea karatasi yenye mchoro wa mistari mitatu ya wima: kijani, nyeupe na rangi ya chungwa.

"Fundi, Sista hajui habari hii," akaniambia. "Tunataka aione inapepea akitoka kanisani."

Kitambaa cha kijani nilikuwa nacho, cheupe pia. Cha rangi ya chungwa nilikitafuta sokoni siku mbili nikakikosa. Nilijua kilipo. Wifi yangu Veneranda, dada wa mume wangu, alibakiwa na nusu jora alipomaliza kushona sare za netiboli. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Mimi naye hatujasalimiana miaka miwili.

Kwa hiyo nikaweka manjano. Nikajiambia kwamba juu ya mlingoti nani atatofautisha. Nikaikunja, nikalala.

"Upande wa kijani mimi mzima," bendera inaniambia. "Katikati mzima. Huku mwisho nawaka moto."

Nikaigusa. Upande wa manjano ulikuwa unachoma kama pasi.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu. Nimeshonewa."

Nilipotaka kuishusha sakafuni nijiandae kuipeleka hospitali, ikajikunja yote kwa hofu. Ikasema yeyote wa ukoo wake haruhusiwi kugusa ardhi. Basi nikachukua kitenge, nikaibeba mgongoni kama mtoto, nikafunga fundo kifuani. Ilikuwa nyepesi kuliko mtoto, lakini joto lake nililisikia mpaka mbavuni.

Ukitoka mlangoni kwangu huwa unatokea mashine ya kusaga. Safari hii nikatokea kwenye mji wa mawe kando ya mto mpana, mvua nyembamba inanyesha, na watu wanatembea kana kwamba hainyeshi. Kibao kimeandikwa Waterford.

"Hapa ndipo nilipopepea mara ya kwanza," bendera ikasema mgongoni. "Mwaka 1848, mwezi wa tatu, kwenye nyumba ya klabu ya watu waliotaka Ireland ijitawale. Wafaransa walikuwa wamempindua mfalme wao siku chache nyuma. Mistari mitatu tuliiga kwao."

"Kumbe ni mtindo wa kuiga."

"Fundi, wewe hujawahi kuiga mtindo?"

Nikalitazama gauni nililokuwa nimevaa. Nililiiga kwenye kalenda.

Mvua ilipozidi nikafungua kitenge ili niibebe vizuri, na kwa haraka nikaigeuza, kijani kikaenda mwisho. Hapo hapo mvua ikakatika. Jua kali. Niko mjini Abidjan, mbele ya mama anayekaanga ndizi mbivu. Askari wawili wakanipigia saluti.

"Umenigeuza," bendera ikasema kwa sauti ya chini. "Kijani lazima kiwe upande wa mlingoti. Ukianza na rangi ya chungwa, mimi ni Kodivaa."

Yule mama akaichungulia mgongoni pangu. "Inafanana na yetu," akasema. "Ila hii ya kwako inaumwa."

Akanifungia ndizi kwenye karatasi, akanionyesha njia ya hospitali kwa kijiko chake cha kukaangia. Nikaigeuza tena bendera. Mvua ikarudi.

Hospitali ilikuwa jengo refu la chokaa. Mimi siwezi kuona kitu nisikipime, kwa hiyo nikatoa futi yangu. Urefu wake ulikuwa mara mbili kamili ya upana.

"Na mimi ndivyo nilivyo," bendera ikasema, ikafurahi kidogo.

Mapokezi alikaa Kinubi. Alikuwa mzee, mwili wa dhahabu, shuka la kijani mabegani, na nyuzi zake zilikuwa zinalia zenyewe kila alipohema. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Mgonjwa ni nani?"

"Bendera ya Ireland."

"Ipi? Mimi pia nimekuwa bendera ya Ireland. Nimekaa kwenye kitambaa cha buluu, wakanihamishia kwenye cha kijani. Wafalme wa Uingereza walinivika taji bila kuniuliza. Sasa wamenivua taji, wameniweka kwenye sarafu na kwenye pasipoti. Silalamiki. Ni kazi ya kukaa."

"Ya rangi tatu, mzee."

Kinubi akanyoosha shingo, akaitazama, uzi mmoja ukalia kwa huzuni. "Huyo naona rangi mbili na ugonjwa," akasema. "Mpeleke kwa Daktari Mkono, chumba cha mwisho. Pita pembeni, katikati wanalima."

Kweli walikuwa wanalima. Plau lilikuwa linatembea lenyewe kwenye korido, halina ng'ombe, nyota saba zimebanana mwilini mwake, linageuza sakafu kuwa matuta. Nikaliuliza linapanda nini. Likasema halipandi, liliwekwa kwenye bendera ya wafanyakazi wa Dublin, na mfanyakazi hawezi kukaa bure hata akiwa picha.

Daktari Mkono alikuwa mkono tu. Mkono wa kulia, mwekundu, umesimama juu ya meza vidole juu. Hakuna bega, hakuna mtu.

"Karibu, mama. Usishangae," akasema. "Natoka Ulster, kaskazini. Kwa hadithi ya kwetu, watu wawili walishindana kwa mashua, wakakubaliana nchi iwe ya yule ambaye mkono wake utagusa ufuko kwanza. Mwenye mimi akaona anashindwa. Akanikata, akanirusha."

"Mkafika wa kwanza?"

"Nilifika mimi. Yeye akapata nchi. Mimi nikapata mchanga. Mlaze hapa."

Nikaifungua bendera, nikailaza kitandani. Daktari akaipapasa kijani, akatikisa kidole kimoja kwa kuridhika. Akaipapasa nyeupe. Alipofika mwisho akajiondoa haraka, akajipulizia vidole, ingawa sijui alipulizia nini.

"Homa ya manjano," akasema. "Nani alimpa rangi hii?"

Ningeweza kusema ni sokoni. Lakini bendera ilikuwa inaniangalia.

"Mimi."

"Kijani ni watu wa asili ya Kigaeli, wengi wao Wakatoliki. Rangi ya chungwa ni Waprotestanti, ambao wazee wao walimuunga mkono Mfalme William wa Orange. Waligombana kwa miaka mingi, na kwa vifo. Aliyewaweka kwenye kitambaa kimoja alijua anachofanya. Wewe umewatoa watu nje ya nyumba yao, ukasema ni rangi haikupatikana."

"Haikupatikana, Daktari."

"Ilipatikana," akasema. Akakunja vidole vinne, akabakiza kimoja, akanionyesha mlango wa pili.

Nje ya mlango ule palikuwa na benchi, na benchi lilikuwa la zahanati yetu ya Babati, lile lililopasuka. Mwisho wa benchi amekaa Veneranda. Amevaa kanga yake ya zambarau, mfuko magotini, anatazama ukuta. Katikati ya benchi amekaa Nyeupe. Sijui nielezeje. Alikuwa weupe uliokaa kama mtu, umechoka, viatu umevua.

Nikakaa mwisho wa pili.

"Mwaka 1848 waliniambia ni kazi ya muda mfupi," Nyeupe akasema. "Kukaa katikati ya wawili ili washikane mikono kwa amani. Nikasema sawa. Lakini mimi siwezi kukaa katikati ya mtu mmoja, mama. Huyu mwenzako amekuja. Wewe bado."

"Mimi hapa nimekaa."

"Umekaa. Hujaja."

Nikatazama mikono yangu. Niwaambie tuligombania nini. Mimi na Veneranda tulishona kwenye baraza moja kwa miaka kumi na mmoja, cherehani zimepeana migongo. Kwaya ya parokia ilipotaka kanzu mpya, wakampa yeye. Nilikwenda kwa paroko nikamwambia wifi yangu huwa anawapunja watu vitambaa. Ulikuwa uongo. Veneranda hukata kitambaa kama daktari, mabaki yake yanaenea kwenye kiganja. Paroko aliamini, akazihamishia kanzu kwangu. Veneranda akabeba cherehani yake kichwani, akaihamishia kwake. Hakunitukana. Kila mwaka kwaya ikiimba Pasaka katika kanzu zile, mimi hutazama chini.

"Wifi," nikasema.

Hakugeuka. "Nakusikia."

"Yale niliyomwambia paroko yalikuwa uongo. Nilikuonea wivu. Hukuwahi kupunja hata sentimita moja."

"Najua kwamba sikupunja," akasema. "Nilikuwepo."

"Naomba unisamehe."

Veneranda akaendelea kutazama ukuta. Nyeupe naye akautazama, na mimi nikautazama. Ulikuwa na tangazo la chanjo.

"Miaka miwili nilikuwa nakusubiri kwenye saa tano," akasema. "Saa ile tuliyokuwa tunakunywa chai. Naweka vikombe viwili, halafu nakirudisha kimoja. Nilisema siku akija sitamfungulia. Na kila siku nasikiliza mlango."

"Ningekuja nikasema nini?"

"Hayo uliyosema sasa. Ni maneno machache sana, Emeliana. Nilidhani yatakuwa mengi."

Akafungua mfuko wake magotini. Ndani mlikuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa, kimekunjwa vizuri, na ukumbi mzima ukapata mwanga kama wa saa kumi na mbili asubuhi. Daktari Mkono alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimamaje.

"Mko wawili?" akauliza.

"Tuko wawili," Nyeupe akamjibu kwa niaba yetu, akaanza kuvaa viatu.

Sasa tunashona. Cherehani ni moja, ina viti viwili na pedali mbili, na tunakanyaga kwa pamoja bila kuhesabu. Mimi nafumua manjano, yeye anafuata nyuma yangu na rangi ya chungwa. Manjano inatoka bila kuuma, inajikunja chini ya meza, inasema haina kinyongo, iko bendera nyingi duniani zinazoihitaji. Veneranda anaimba wimbo wa kuvunia. Ananiambia nilegeze uzi wa chini. Nalegeza. Wakati huo huo ananisuta, kwamba nimenenepa, kwamba nimeanza kuweka pindo nene kama mtu asiye na haraka ya kuishi, nami nacheka mpaka sindano inatikisika.

Bendera ikashusha pumzi ndefu. Nikaigusa mwisho wake. Ilikuwa ya baridi, kama shuka lililoanikwa asubuhi.

"Sasa najisikia vizuri," ikasema. Ikajinyoosha yote, mara mbili ya upana wake, ikapanda yenyewe kwenye mlingoti uliokuwa umeota katikati ya korido, kijani kimeukumbatia mti. Plau likasimama. Kinubi akalia nyuzi zote kwa pamoja. Tukatoka nje kuitazama, mimi na wifi yangu, na Nyeupe ametushika mikono, huku na huku, amejaa.

Nikaamka. Kumekucha, mashine ya kusaga imeshaanza kelele, mume wangu amekwenda kukamua. Bendera ilikuwa mezani pale pale nilipoiacha. Ilikuwa na manjano vile vile. Sitawaambia kwamba ilibadilika, haikubadilika.

Nilikaa kitandani kidogo. Ndoto ilikuwa imenitulia mwilini kama chakula, lakini nilijua vizuri kwamba bado sijamwambia mtu chochote. Nikanawa uso, nikaikunja bendera, nikaiweka kwapani, nikatembea nyumba tatu. Ni hatua kama sitini. Nilikuwa nimesahau kwamba mlango wake una kibati chini.

Nikabisha. Veneranda akafungua nusu, futi iko shingoni. Nilimwambia palepale mlangoni, kabla ya salamu, kwa sababu niliogopa salamu ingenipa nafasi ya kuzungumzia mvua. Nikasema nilimdanganya paroko. Nikasema ulikuwa wivu. Nikasema nitakwenda kwa paroko leo hii, na kwa kwaya, na naomba anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa, kama mtu anayesikia tangazo analolijua. Bendera nilikuwa nimeibana kwapani, imekunjwa, haijulikani ni nini. Habari ya kuumwa sikuwa nimeitaja kwa mtu yeyote.

Akakitazama kile kitambaa. Akanyoosha mkono, akakigusa kwa nyuma ya vidole, kama unavyomgusa mtoto paji la uso.

"Mgonjwa ameamkaje?" akauliza.

"Bado ana homa," nikasema.

Akaufungua mlango wote.