Karatasi Chini ya Tabaka la Mwisho

Mtu anayefanya kazi ya faibaglasi utamjua kwa kujikuna. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele wa mtoto, zinaingia kwenye ngozi ya mikono na shingo, na ukioga maji ya moto ndiyo umezifungulia mlango. Mimi najikuna mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kaka yangu hajawahi kujikuna hata wiki moja, na kisa chote kinaanzia hapo. Nitakieleza taratibu, maana nikikieleza kwa hasira watu wa nyumbani watasema, si tulisema ana wivu?

Kazi hii alinifundisha marehemu baba. Alikuwa anatengeneza matangi ya maji, mabafu na bampa za magari. Alitaka kumrithisha kaka, mwanawe wa kiume, lakini kaka aliingia karakana siku mbili, akawashwa, akalia, akakimbilia kwa Mama. Baba akanigeukia mimi kwa kukosa mwingine, akanipa glavu zilizonizidi vidole.

Baba alikuwa na desturi yake. Kabla ya kulaza tabaka la mwisho aliandika jina lake na tarehe kwenye kipande cha karatasi nyembamba, akakibandika, kisha akalaza kitambaa cha glasi juu yake na kukilowesha rezini, ile gundi ya majimaji. Rezini ikikauka kitambaa kinageuka kioo na karatasi inasomeka humo ndani. Rangi hubanduka, alikuwa akisema, na bamba hung'olewa, lakini anayetaka kuiondoa karatasi hii sharti aiharibu kazi yenyewe. Nami nikaifuata desturi hiyo kwa kila tangi nililotengeneza.

Kaka tunamwita Kapteni tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akikimbia uani amenyoosha mikono kama mabawa. Alikua, akaajiriwa ofisi ya bima, akasomea urubani siku zake za mapumziko mpaka akapata leseni. Ndege ndiyo hakuwa nayo. Basi akaamua kujijengea. Alinunua michoro, akanunua mabawa na mkia vikiwa vimeshaundwa kiwandani, akavipanga bandani nyuma ya nyumba ya Mama. Kiwiliwili cha bati, injini na nyaya alivifunga mwenyewe, simnyimi haki yake. Alipofika kwenye vitu vya mviringo akakwama: boneti ya kufunika injini, ncha za mabawa, vifuniko vya magurudumu na viti viwili. Vyote hivyo ni faibaglasi.

Akaja karakana kwangu na soda mbili baridi. Kaka yangu akikuletea soda, jua kuna jambo.

"Mdogo wangu," akasema, "hii si ndege yangu. Ni ndege yetu. Mlangoni nitaweka bamba la wajenzi, na majina yatakuwa mawili. Baba angekuwepo angefurahi kweli."

"Na kupanda je? Au mimi kazi yangu kuishangilia toka chini?"

"Kiti cha pili ni chako. Kitengeneze mwenyewe, ukipime kwa makalio yako mwenyewe."

Tukacheka wote wawili. Nilikubali kabla soda haijaisha povu. Nataka ieleweke kwamba sikutaka kitu kingine. Nilitaka jina langu liwe mahali ambapo watu husoma, kwa sababu karatasi za ndani ya matangi husomwa na maji tu.

Kazi ilinichukua miezi kumi na minne. Boneti ya kwanza niliilaza kwa akili ya matangi. Nilichonga umbo kwa povu gumu, nikalisawazisha kwa pati ya kuzibia mashimo na msasa, nikalipaka nta mara saba, nikatoa kalibu, na ndani ya kalibu nikalaza matabaka sita, kwa kuwa tangi likivuja watu hawakutukani wewe peke yako, wanakutukania na mama. Kapteni akaiweka kwenye mizani. Ilikuwa kilo tisa.

"Mdogo wangu, hii ni ndege, si bafu."

Mama akaichukua akafunikia kuku. Kwa hiyo abiria wa kwanza wa chombo kile walikuwa mitetea sita na jogoo mmoja, na tulilicheka jambo hilo wiki nzima.

Nikajifunza upya. Boneti ya pili niliipa matabaka mawili mwilini na manne kwenye ukingo, mahali panapopita skrubu za kuifungia, kwa sababu hapo ndipo upepo unapovuta. Kitambaa nilikilaza mshazari, hiki huku na hiki kule, ili nyuzi zishikane. Rezini niliipima kwa mizani ya jikoni na ziada nikaikamua mpaka mkono ukafa ganzi. Ilitoka kilo tatu na nusu, nyororo. Upande wa chini kulia, kwenye ukingo wenyewe, niliweka karatasi yangu chini ya tabaka la nne. Siku hiyo niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kwenye cheti changu cha shule.

Kila hatua Kapteni alikuja kupigwa picha kwa ajili ya daftari la ujenzi. "Nipishe kidogo," anasema, anavaa glavu zangu na barakoa yangu, anashika brashi yangu, na wifi, mke wake, anapiga. Nilidhani ni mbwembwe zake tu. Nikawa nasimama pembeni na kumwelekeza ainue kiwiko, afanane na fundi.

Siku bamba lilipoletwa nilikuwa bandani. Lilikuwa la shaba, limechongwa vizuri sana. Jina lilikuwa moja.

"La pili liko wapi?" nikauliza.

Kapteni akafuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu. "Nilitaka nikueleze. Sheria inasema anayeomba cheti cha ndege ya kujijengea lazima awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa mikono yake. Mabawa na mkia vimetoka kiwandani. Nikikuandika na wewe, nusu yangu haitimii. Watanikatalia."

"Sheria hii umeijua lini?"

Akaanza kulipangusa bamba kwa kitambaa kile kile, na hapo nikajua alikuwa anaijua tangu siku ya soda. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Wifi akatoka jikoni kuja kusikiliza vizuri zaidi. Mama naye akaja na kunishika mkono.

"Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Ni karatasi za serikali tu. Sisi nyumbani si tunajua?"

Asante ya punda ni mateke, nilimjibu Mama, na nilikuwa na maana yangu. Lakini usiku sikuutumia kwa kulia. Nilijiambia: wacha bamba liwe lake, wacha daftari liwe lake. Karatasi yangu imo ndani ya boneti, na kila itakapofunguliwa injini itasomeka. Hilo likanitosha, au nililazimisha linitoshe. Nikamwambia Kapteni sitasema kitu, akanikumbatia.

Mkaguzi alikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mpole, anayegusa kila kitu kabla ya kukiangalia. Ndege ilikuwa imetolewa nje ya banda, nyeupe yenye mstari wa bluu. Kapteni alikuwa ameshawaalika wenzake wa ofisini. Mkaguzi akitia sahihi asubuhi, jioni ile ile angeipeleka uwanjani na kuirusha kwa mara ya kwanza. Boneti ilikuwa imefunguliwa, imelazwa chali juu ya meza.

Nilikuwa nimebeba viti vya wageni. Nilipopita mezani nikapeleka mkono kule kwenye ukingo wa chini kulia, kama mtu anavyopapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo upo. Karatasi haikuwepo. Palikuwa na rangi ya kijivu, laini mno. Nikatoa sarafu nikagonga. Faibaglasi nzima ikigongwa inalia, tii, tii. Pale ilijibu du, kama kugonga mkate.

Nikamvuta Kapteni nyuma ya banda.

"Umepitisha grenda."

"Kidogo tu. Mkaguzi angeisoma karatasi yako, tungemjibu nini?"

"Kaka, karatasi ilikuwa chini ya tabaka la nne, pembeni ya skrubu. Umekula matabaka mangapi?"

"Nimejaza pati. Imekauka ni jiwe."

"Pati haina nyuzi! Ni unga uliogandishwa. Upepo ukivuta hapo skrubu zitapasua ukingo, boneti itainuka, itaingia kwenye pangaboi. Nipe siku nne niirudishie. Usiruke leo."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi. "Mdogo wangu, najua una uchungu. Unataka karatasi yako irudi. Usinitishe kwa ajili ya karatasi."

"Sizungumzii karatasi!"

"Basi punguza sauti," akasema, na akarudi kwa mgeni wake akitabasamu.

Nikarudi na mimi. Nilisimama karibu na Mama. Mkaguzi alipitia daftari picha baada ya picha. Aliangalia picha ya Kapteni mwenye glavu, kisha akamwangalia Kapteni mwenyewe, mikono yake iliyo safi kama ya bwana harusi. Akaiendea boneti, akamulika tochi.

"Ukingoni hapa umeweka matabaka mangapi?"

"Manne, mzee."

"Vizuri." Akatoa kalamu.

Kalamu ile niliiona ikifunguliwa kifuniko. Nikamwona na kaka yangu, mtoto wa miaka sita, anakimbia uani amenyoosha mikono.

"Si manne," nikasema. "Mengine yamekatwa kwa grenda, yakajazwa pati."

Wifi akaguna. Mkaguzi akageuka taratibu. "Umejuaje, dada?"

"Niliyalaza mimi."

Akagonga kwa kucha, akasikiliza. Akatoa kisu kidogo, akakwangua. Unga wa kijivu ukamwagika mezani, na chini yake ikatokea pembe ya karatasi ambayo grenda haikuifikia, yenye herufi mbili za mwisho za jina langu. Pale katikati tabaka lililobaki lilikuwa moja, na hilo nalo limeguswa. Mkaguzi akalibonyeza kwa dole gumba likabonyea.

"Hii ingefunguka hewani," akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Ningeweza kuishia hapo. Boneti moja isingeangusha ombi. Kapteni angesema alisaidiwa sehemu ile tu, ingetengenezwa upya, na baada ya mwezi angeruka. Mkaguzi mwenyewe alinifungulia mlango huo. Alinyoosha kalamu kwenye ncha za mabawa, akauliza kwa upole kabisa, "Na hizi je? Na viti? Vifuniko vya magurudumu?"

Kapteni alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, aliniomba. Mama alinibana mkono. Nikaliona bamba la shaba mlangoni, linang'aa kwa jua, na jina lake moja.

"Vyote," nikasema. "Vyote nimetengeneza mimi. Kwenye picha amevaa glavu zangu."

Niseme ukweli wangu wote, maana nimechoka kuubeba. La boneti nililisema kwa ajili ya roho ya kaka yangu. Hayo mengine niliyasema kwa ajili yangu, na wakati nayasema niliyaona matamu.

Mkaguzi akafunga kalamu. Wageni wa ofisini wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka shughuli. Wifi hakungoja watoke getini. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akapaza sauti. "Wivu utakuua, wifi. Mwenzio angeruka leo!" Nilimjibu kwamba mwenzangu angekufa leo, lakini alishaingia ndani. Mama alikusanya viti vyote yeye mwenyewe, akanikataza kumsaidia.

Ndege imerudi bandani. Injini imeng'olewa ikauzwa, na kiwiliwili kimefunikwa turubai. Mama sasa huniambia habari zake kupitia jirani. Nilimpelekea kaka boneti mpya, matabaka yake kamili, bila karatasi yoyote ndani. Ilikaa barazani wiki mbili, halafu nikaikuta bandani kwa kuku, juu ya ile ya kwanza.

Mwezi uliopita Kapteni alikuja karakana. Hakuleta soda. Alisimama mlangoni, mbali na vumbi, akanitupia bahasha mezani.

"Soma. Umeandikwa."

Ilikuwa barua ya kukataliwa ombi, na taarifa ya mkaguzi nyuma yake. Kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa pili palikuwa na jina langu kamili, la kwangu na la baba, limepigwa chapa, na baada yake maneno haya: fundi stadi, ambaye kazi yake ni ya kiwango cha juu, ndiye aliyetengeneza sehemu zote za faibaglasi, kwa sababu hiyo mwombaji hastahili cheti.

Nikaisoma mara mbili. Mikono ilikuwa inaniwasha nikaiacha.

"Naomba nibaki nayo," nikamwambia.

"Chukua," akasema. "Si ndiyo uliyokuwa unaitaka?"

Akaondoka. Ningemwita nikamkanushia, lakini nilikuwa nimeshaanza kuikunja vizuri, isije ikaingiwa na rezini.