Chiriku Aliponyamaza

Mshonaji mwenye pini mdomoni hawezi kumjibu mtu, na wifi yake alilijua hilo vizuri sana. Alisubiri pini tano zibanwe kati ya meno, gauni likunjwe kwa chini na mshonaji ashughulike na pindo, ndipo akaanza.

"Wifi, mimi sina ubaya na wewe. Lakini mtoto umemharibu."

Mshonaji akachomeka pini ya kwanza.

"Chiriku wa watu! Alikuwa hanyamazi yule. Leo unamsalimia, anakukodolea macho tu. Lugha mbili kwa kichwa kidogo namna ile? Zimegongana humo ndani, zimemziba. Nilisema mimi. Nilimwambia kaka, nikawaambia na majirani."

Pini ya pili ikaingia vizuri. Ya tatu ilipitiliza kitambaa ikagusa nyama, na wifi akaruka.

"We, unanichoma!"

"Mm," alijibu mshonaji. Hakukosea, na hakuomba radhi.

"Halafu lugha yenyewe ya nini? Dukani hainunui hata chumvi. Mnaoijua ninyi mko wangapi, si mtajaa basi moja mkaenda?"

Pini ya mwisho ilipotoka mdomoni, wifi alishajificha nyuma ya pazia kubadilisha nguo, na huko nyuma ya pazia alikuwa anazungumzia mambo ya vifungo. Ndivyo alivyo mwanamke yule. Anakutupia moto mapajani kisha anakuuliza habari za kazi. 

Hawakuwa watu wa basi moja. Huko kwao walikuwa vijiji saba, na safari ya kufika ilikula siku moja na nusu. Lakini katika mji huu alikuwa peke yake, ameolewa na fundi umeme ambaye kwa miaka sita alikuwa amejifunza kumsalimia mama mkwe wake tu, tena kwa kukosea. Mama mkwe huyo hakujua lugha nyingine yoyote duniani zaidi ya ile ya vijiji saba. Hakuwahi kuihitaji.

Mshonaji alikuwa ameona yaliyowapata watoto wa kaka yake. Walikwenda kumwona bibi yao, wakakaa wamepangana kwenye kochi, wakitabasamu, wakila walichopewa, na wasiweze kumwambia neno moja. Bibi alimvuta binti yake jikoni akamuuliza, "Hawa wajukuu nimewakosea nini, mbona hawanisemeshi?" Mshonaji wakati huo alikuwa mjamzito. Akaapa papo hapo kwamba wa kwake atakaa na bibi yake wapige soga bila mtu wa kusimama katikati kutafsiri. Akitaka kumsengenya mama yake, na amsengenye.

Basi akaweka sheria, na yeye akiweka sheria ameweka. Mtoto akimsemesha kwa lugha ya mtaa, lugha ya baba yake, mama hasikii. "Mama, maji!" Mguu unaendelea kukanyaga cherehani. "Mama! Maji!" Cherehani inakwenda. Mpaka mtoto arudie kwa lugha ya mama, hapo ndipo mama anageuka na uso uliojaa furaha kama aliyetoka safari. "Eeh, mwanangu! Maji?" Na maji yanakuja, na busu juu yake.

Wifi aliita ukatili. Lakini ilifanya kazi. Alipofika miaka mitatu, binti yule alikuwa anamwambia baba yake habari hii kwa lugha hii, anageuka anamwambia mama yake habari ileile kwa lugha ile, na Jumapili anamhadithia bibi yake kwa simu kuhusu kuku ambao hawakuwapo. Majirani ndio waliompa jina la Chiriku, kwa sababu ukikaa naye hupati nafasi ya kutia neno. "Huyu tungemwekea swichi," baba yake alikuwa akisema, na kucheka.

Alipotimiza minne na nusu walimpeleka shule ya watoto wadogo, mtaa wa pili. Wiki ya kwanza haijaisha, akawa anarudi na maneno machache. Mama yake akasema ni uchovu. Wiki ya pili akawa anaonyesha kwa kidole. Kisha akafunga kabisa. Wiki tatu sasa, si kwa lugha ya mama wala ya baba. Akitaka maji anavuta gauni. Mganga wa zahanati alimulika masikio na koo, akasema mtoto ni mzima wa afya kabisa.

Jumapili simu ikaita. Chiriku aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akatulia.

"Mjukuu wangu? Haloo? Kuku wako hawajambo?"

Mtoto anapumua tu.

"Haloo? Imekatika?"

Mshonaji akainyakua simu. "Mtandao, mama. Huku mtandao mbaya sana leo."

"Mtandao gani huo unaopitisha pumzi na kuzuia maneno?" Bibi hakuwa mtu wa kudanganywa. "Namsikia anapumua. Niambie ukweli. Na huyu amekuwa kama wale wa kaka yako?"

Mshonaji alisema hapana, akasema atapiga baadaye, akasema na mambo mengine ambayo hata yeye hakuyaelewa. Akaikata ile simu. Hasira ilikuwa imeshampanda tangu maneno ya wifi ya Jumamosi, sasa ilipata mahali pa kwenda. Ikaenda kwa mumewe, ambaye alikuwa mezani amefungua pasi ya jirani, nyaya zimemwagika nje.

"Baba Chiriku. Shuleni wanamfanya nini mwanangu?"

Fundi umeme aliangalia nyaya zake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji. "Mwalimu aliniambia wiki ile ya kwanza. Darasani wanataka lugha moja tu. Kila mtoto akija na yake, hakutakalika."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sawa."

"Ukamwambia sawa."

"Sasa ningesema nini, mke wangu? Na wewe nikikwambia, nilijua utakwenda kuivunja ile shule."

"Hapo ulijua kweli," alisema mshonaji.

Jumatatu alimwacha mtoto atangulie na baba yake. Alijaribu kufanya kazi, akashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akaufumua, akaushona palepale tena. Akazima taa, akafunga mlango, akatoka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mlangoni viatu vidogo vilikuwa vimepangwa mistari, na ndani watoto arobaini walikaa kwenye mikeka wakipaka rangi samaki wa karatasi. Mwalimu alikuwa binti mwembamba aliyekaukwa na sauti. Chiriku alikaa mwishoni kabisa, na samaki wake alikuwa mweusi mpaka macho.

Mshonaji hakubisha hodi. Alisimama mlangoni akamwita mwanawe kwa lugha yao. "Mwanangu, inuka, njoo kwa mama."

Watoto wote wakatupa kalamu. Wakachomeka vidole masikioni, vidole karibu themanini kwa mpigo mmoja, wakifumba macho kwa kicheko. Walikuwa wameshauzoea mchezo huu, walionekana kuupenda. Chiriku peke yake hakuziba. Aliinama akaendelea kumpaka samaki wake.

"Ni mchezo tu, mama," mwalimu alisema haraka, akija mlangoni. "Karibu. Sisi hapa hatumpigi mtoto, hatumtukani. Mtu akisema maneno tusiyoyaelewa, tunafanya kama hatujamsikia, mpaka aseme kwa lugha ya wote. Wanashika upesi sana kwa njia hii. Wengine wiki moja tu..."

"Nyamaza."

Mwalimu akanyamaza.

"Mchezo? Umewafundisha watoto arobaini kumzibia masikio mmoja, ukaita mchezo? Una wazimu wewe? Mtoto wa miaka minne! Unajua alikuwa anaitwa nani mtaani? Unajua tulikuwa tunamwomba apumzike kidogo tule? Wewe kwa wiki tatu umemgeuza mzimu. Anasema, watu wanajifanya hawasikii. Anaita, hakuna anayegeuka. Anasimama pale pembeni anaita na kuita, mtu mzima na akili zake anamwacha aite, eti mpaka aseme kwa lugha anayoitaka yeye..."

Hapo ulimi ukamganda.

Maneno alikuwa ameyatoa kwa sauti kubwa, na watoto walikuwa wametoa vidole masikioni ili wayasikie. Akayasikia na yeye. Akasikia cherehani yake inavyokwenda huku mtoto amesimama kando ya kiwiko chake akiita. Mkuki kwa nguruwe, wakubwa wanasema, na hawakukosea. Hasira haikupoa hata chembe. Ilikuwa inatoka kwa mwalimu inarudi kwake, inatoka kwake inarudi kwa mwalimu, na haikuona ipumzike kwa nani.

"Sasa nifanye nini, mama?" Mwalimu alikuwa karibu kulia, lakini naye alikuwa na ukali wake. "Wako arobaini, mimi mmoja. Lugha yenu siijui."

"Muulize. Hujui, muulize, atakwambia. Yeye anazo mbili, wewe unayo moja, halafu wewe ndiye unayemfundisha kusema." Akavuta pumzi. "Kuanzia leo hakuna mtu wa kuziba masikio humu. Nikisikia tena, nitakuja na cherehani yangu niiweke hapo katikati, nishonee hapa mpaka mwisho wa mwaka. Usinijaribu."

Akapita kati ya mikeka, akamshika mwanawe mkono, akamvalisha viatu mlangoni, kimoja kikakaa upande usio wake, wakaondoka.

Walitembea mpaka kona ya duka la vioo. Mshonaji alikuwa anahema. Alitaka kurudi akamwongeze yule mwalimu, na alitaka mtu atokee amzabe yeye kofi. Mwishowe akasimama kando ya barabara, akachuchumaa mbele ya mtoto. Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja tangu mtoto huyo azaliwe. Akamsemesha kwa lugha ya mtaa.

"Mwanangu, sema. Kwa lugha yoyote unayotaka. Mama anasikia."

Chiriku alimtazama mdomo. Alimtazama hivyo kwa muda, kama anayesubiri atokee mtu mwingine aliyekuwa amesema. Kisha, baada ya wiki tatu, akasema. Sauti ilikuwa imeshika kutu.

"Kumbe na mimi nikiisema unaisikia?"

"Naisikia."

"Siku zote?"

"Siku zote, mwanangu."

Mtoto alifikiri. Paji la uso lilikunjamana kama la baba yake akitafuta waya uliokatika. "Kwa hiyo siku ile nilikwambia, ulisikia? Nilikwambia wananizibia masikio. Nikakwambia sana."

Mshonaji angeweza kusema uongo. Alikuwa ameshasingizia mtandao, angeweza kusingizia cherehani. Na siku yenyewe aliikumbuka. Ilikuwa siku za mwanzo kabisa za shule, siku ya sare za walinzi, mashati thelathini, na Chiriku alirudi shule akasimama kando ya kiwiko akamwaga maneno mengi mfululizo. Mtoto wa watu alikuwa ameona shuleni kwamba lugha ya mama haisikiki, akaleta nyumbani ile inayosikika. Na mama akakanyaga cherehani. Aliisikia ile sauti, akaisikia na ilivyokuwa inapanda, na moyoni akajisifu kwamba safari hii hakutikisika.

"Nilisikia," alisema.

Chiriku akauchomoa mkono wake. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, kifua kikipanda na kushuka. Halafu akapasuka.

"Wewe mbaya!" alipiga kelele. "Wewe mama mbaya! Nilikuita! Nilikuita, nikakuita, ukawa unashona mashati! Na wao wabaya, na mwalimu mbaya, na wewe mbaya kuliko wote, kwa sababu wewe ni wangu!"

Alikuwa amesema yote kwa lugha ya vijiji saba. Alikuwa amebadilisha katikati ya pumzi bila hata kujua, na maneno yalitoka yamekamilika, hayana tundu wala kiraka, kwa ukali uleule wa bibi yake akimfokea mtu mzembe. Muuza vioo alitoka nje kutazama. Mwanamke aliyebeba mtungi wa gesi akapunguza mwendo. Hakuna aliyeelewa hata neno moja kati ya hayo isipokuwa mama aliyekuwa amechuchumaa, na yeye aliyaelewa yote.

Kwa miaka minne alikuwa amepigania maneno hayo. Alitaka kumkatiza, amwombe radhi, amvute kifuani. Hakuthubutu. Akabaki palepale, magoti yanamuuma, akimsikiliza mwanawe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza, na alikuwa na wiki tatu nzima za kusema.