Povu Chini ya Tangi la Tatu

Povu lilikuwa linatoka tena. Mama Povu, kama walivyomwita pale kwenye kituo cha kujazia mabasi hidrojeni, alichuchumaa chini ya tangi la tatu, akapaka maji ya sabuni kwenye kiungio cha bomba na kuyatazama mapovu yakifura. Jana yalikuwa machache. Leo, Mungu wangu, yalikuwa yanakimbizana!

"Andika sifuri," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa msimamizi, mdogo wa mumewe, aliyemtafutia kazi hii ya kukagua mabomba. "Wageni wako getini. Wamekuja kuona mabasi yasiyotoa moshi, hawakuja kuona sabuni yako."

"Shemeji, hidrojeni inavuja."

"Si inapaa tu? Haina moshi, haina harufu. Inamdhuru nani?"

"Mtaalamu alituambia hapa hapa, na wewe ulikuwepo. Ikifika juu inazifanya gesi nyingine chafu zikae zaidi, joto linazidi. Tunajisifu tunaipoza dunia, kumbe tunaichochea."

"Makubwa! Dunia umekabidhiwa lini wewe?" Alicheka, lakini jasho lilimtiririka. "Kituo kikifungwa leo hakifunguliwi tena. Mimi na wewe, wote nyumbani."

Mama Povu aliogopa. Aliogopa kurudi kukaa bure, na aliiogopa zaidi hiyo sifuri, maana alishaiandika siku tisa kwa ajili ya undugu huu huu. Akaandika daftarini: inavuja.

"Haya, umenimaliza." Shemeji alinyakua spana, akazunguka upande wa ukutani kukaza kiungio mwenyewe, bomba likiwa na gesi, jambo lililokatazwa hata kwa mzaha. Chuma kikagonga chuma. Kikafuata kimlio kama cha mtu anayepuliza chai.

Hapakuonekana kitu. Moto wa gesi hii hauonekani mchana, ndiyo maana wakaguzi huutafuta kwa ufagio mkavu. Mama Povu alikimbia akafunga koki kuu, lakini gesi iliyobaki bombani iliendelea kulia. Alishika ufagio, akaunyoosha mbele. Njiti zikawaka zenyewe hewani.

"Usisogee!" alipiga kelele.

Shemeji aliganda ukutani, spana mkononi. Macho yalimtoka, yakitafuta huku na huku.

"Uko wapi?" aliuliza kwa sauti ya mtoto. "Shemeji, moto uko wapi?"

"Uko kati yetu, sijui umeishia wapi. Tulia."

Akachukua ufagio mwingine, akaanza kumfuata, hatua moja, nyingine, akiipapasa hewa.