Mlinzi wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Jumanne saa moja asubuhi, mtunzi wa michezo ya mezani alikuwa akipiga pasi sketi ya kazini aliposikia hodi. Mlangoni alisimama mlinzi wa lango wa ukurasa wa kumi na saba, kofia ya chuma kwapani. Jana yake mtunzi alikuwa amemfuta, maana meneja wake alitaka kitabu cha kanuni za mchezo mpya kipunguzwe kurasa kienee kwenye boksi. Mlinzi akamwamkia shikamoo, kwa kuwa mama huyu ndiye aliyemtunga. Mtunzi naye akamwamkia shikamoo, kwa kuwa mlinzi alikuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani. Hakuna aliyekubali kuitikia, na pasi ikaunguza sketi.

Mdogo wake mtunzi, aliyekuwa akiishi naye, alitoka na mswaki mdomoni, akamtazama mgeni, akamwambia viatu avivue nje. Vilikuwa vya chuma, vikamchukua robo saa.

Kwenye chai mlinzi alieleza kwamba hakuja kulalamika. Aliyefutwa hurudi kwa aliyemtunga, angeenda wapi tena? Alichotaka ni kazi tu. Kisha akayaona maboksi kumi na moja rafuni, akauliza mbona yote yana jina la mwanamume mmoja.

Hapo ndipo palipouma. Kwa miaka kumi na minne mtunzi alikuwa akibuni michezo ile, ambayo watu huketi mezani, kila mmoja akajifanya mtu fulani, wakasimulia kisa pamoja, na dadu ikaamua nani afaulu. Kila boksi lilitoka na jina la meneja. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Yeye alichumia juani, kufika kivulini akamkuta meneja ameshashiba. Sasa boksi la kumi na mbili lilikuwa liende kiwandani Ijumaa, na safari hii alitaka jina lake kwenye jalada, walau dogo, walau pembeni.

"Nenda naye kwa meneja," mdogo wake alisema. "Huyu hajui kusema uongo. Si wewe mwenyewe ulimwandika hivyo?"

Meneja aliwakaribisha vizuri, akaagiza kiti kisicho na magurudumu kwa sababu ya uzito wa mgeni. Mlinzi akasimulia nani aliandika nini, mwaka gani, na mchezo upi mtunzi aliutunga akiwa na homa. Meneja alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema utaratibu ni uleule: ubishi wa ofisini huamuliwa kwa kanuni za mchezo unaotengenezwa. Ndivyo walivyogawana likizo, ndivyo mhasibu alivyopata meza ya dirishani. Akafungua kitabu. Kumshawishi mwenye madaraka kulihitaji kumi na tano kwenda juu.

Mlinzi akarusha dadu ya pande ishirini. Ikabingirika, ikagonga kikombe, ikatulia kwenye ishirini.

Moyo wa mtunzi ukamruka kwa furaha. Meneja akasoma kanuni kwa sauti, kwamba mwenye kushawishiwa ataamini kila alichoambiwa. Machozi yakamlengalenga meneja.

"Naamini," alisema. "Michezo yote kumi na miwili ni yako, dada yangu. Mimi sijaandika hata mstari."

"Basi bosi, na jina?" mtunzi akauliza.

Meneja akaufunua ukurasa wa mbele, akarudi wa nyuma. "Hapa umeandika ataamini. Hujaandika atafanya nini."

Mtunzi akakichukua kitabu, akasoma mwenyewe. Ilikuwa hivyo. Kanuni hiyo aliiandika Alhamisi moja mchana, njaa imemkaba, akaona inatosha.

Ijumaa boksi likaenda kiwandani na jina lilelile. Mlinzi aliajiriwa getini, na kazi akaimudu barabara.

Mwezi uliofuata alikuja mwalimu mmoja na boksi jipya, akitaka saini ya aliyebuni mchezo. Mlinzi akamweleza kwamba ni yule mama wa chumba cha mwisho. Meneja alikuwa akipita. Akasimama, akathibitisha kwamba ni kweli tupu, yeye hana lake hata nukta. Mwalimu akashukuru kwa maelezo, akalitazama jalada, akamnyooshea meneja boksi atie saini.

Meneja akajipapasa mifukoni, kisha akaenda chumba cha mwisho kuomba kalamu. Mtunzi akampa yake, akamkumbusha asisahau kuirudisha.