Usingizi wa Karasha

Uligeuza uso. Usibishe. Vumbi la karasha lilipanda mbele yako, barabara ya Buseresere, jeupe, likimeta utadhani lina neema, nawe ukapandisha kioo cha gari.

Nyuma ya vumbi hilo alikuwapo Zipora, na mgongoni mwake Ndaki, mwanawe wa miezi saba. Karasha linasaga mawe ya dhahabu, gododo, gododo, mtoto amelala fofofo.

Zamani vumbi lilikuwa la unga. Kule Ushetu, lilimkaa mama yake Zipora kwenye nyusi, na kinu kilidunda, na watoto walilala. Ndani ya kikaango cheusi karanga zilirukaruka. Harufu yake ilimwita Zipora tangu kisimani, na maji yakamwagika kwa mbio.

Kikaango hicho alikirithi. Ndani ya kikaango hicho hicho mumewe, Donatus, alichomea zebaki iliyonasa dhahabu, humo humo jikoni, mpaka moshi ukaenda zake na dhahabu ikabaki. Moshi ulikwenda wapi? Wanunuzi wa dhahabu walijua. Na wewe ulijua.

Wakaja wapimaji wa afya ya watoto, wakamchukua Zipora na mwanawe hadi hospitali kubwa, kwenye mashine ya sumaku, tundu jeupe. Haikati wala haichomi, Selestine, mmoja wa wapimaji, alimweleza Zipora. Inausikiliza ubongo, kila kemikali huitika kwa sauti yake, nayo mashine huchora vilima. Ila mtoto alale, atulie tuli.

Ndaki hakulala. Taa zikapunguzwa, akalia. Wakanong'ona, akalia. Zipora akamwimbia wimbo wa kinu, ule wa mama yake, akalia zaidi. Mwisho wakamziba masikio, wakaiwasha hivyo hivyo, liwalo na liwe.

Gododo, gododo, gododo.

Ndaki akalala.

"Mayu, mama yangu, umempa nini?" Selestine alicheka. "Wenzake hapa ndipo huamka!"

"Sijampa kitu. Anadhani yuko nyumbani."

Wakacheka wote. Kisha Zipora akayasikia maneno yake mwenyewe.

Vilima vikatokea. Kimoja, ambacho kwa miezi ya Ndaki kilipaswa kuwa kimeinuka, kilikuwa kimeinama.

"Mashine haisemi ni zebaki," Selestine alisema, kicheko kimemwisha. "Inasema ubongo huu umechelewa. Lakini bado unajengeka, Mama Ndaki. Mtoe kwenye moshi. Akitimiza mwaka, tumpime tena."

Tena. Neno dogo, na ndani yake mtoto mzima.

Zipora akarudi nyumbani. Akakichukua kikaango, kizito kama jana, akakinusa akitafuta karanga. Hakuna. Akakibeba mpaka karashani, mbele za watu, akaazima sululu.

"We mwanamke, tutachomea wapi sasa?" Donatus akafoka.

"Kokote asikolala mtoto. Jikoni mwangu, basi tena!"

Akapiga. Akapiga tena. Kikaango cha Ushetu kikalia kama kengele, kikatoboka. Akakiinua juu: jua likapenya tunduni, na vumbi likapita ndani ya mwanga, jeupe kama unga, ila halikuwa unga. Mgongoni Ndaki alikuwa macho. Analitazama.

Yeye analitazama. Wewe je?

Kikaango cha pili, chenye zebaki, kiko jikoni kwa jirani yake, na moto umeshawashwa, na kuna mtoto kwenye mkeka. Shusha kioo. Shuka garini. Mtoe yule mtoto. Sasa!