Wimbo wa Evodius

Bendi ya Stoo haikumaliza hata miaka miwili. Walikuwa watatu: Gakii aliyeimba, Noel wa gitaa na Deepa wa dramu. Walifanyia mazoezi kwenye stoo ya duka la baba yake Deepa, huko Kenton, na ndiko lilikotoka jina.

Walipiga roki kwenye baa ndogondogo bila kujulikana, hadi Gakii alipotunga wimbo kuhusu Evodius, kaka yake Noel aliyejiua. Noel ndiye aliyemsimulia Gakii kwamba siku ile Evodius alimpigia yeye Noel simu, naye hakupokea kwa kuwa walikuwa wamegombana. Noel alikubali hayo yaingie kwenye wimbo, nani angeusikia? Lakini redio ikauchukua, kumbi zikaanza kujaa, na kampuni moja ya muziki ikaahidi kuja kuwasikiliza kwenye ukumbi mmoja wa Camden.

Wiki hiyo hiyo Irene, mama yake Noel, aliusikia ndani ya gari akitoka zamu hospitalini. Alimuuliza mwanawe jambo moja tu, kama ni kweli alipigiwa. Tangu hapo wakawa wanapishana kwenye korido ya flati yao Queensbury bila kusemezana.

Usiku wa Camden, nyuma ya jukwaa, Noel aliomba wimbo ule uachwe. Deepa alikubali papo hapo. Gakii alikawia, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Sema kwa mdomo," Noel alimwambia.

"Sitauimba."

Walianza vizuri. Lakini walipokaribia kumaliza, ukumbi ukaudai wimbo ule, watu wakipiga miguu sakafuni. Gakii alishika maiki kwa mikono miwili. Hakumtazama Noel. Akauanza.

Deepa hakugusa dramu. Noel aliondoa mkono kwenye nyuzi, akasimama akisikia siri yake ikiimbwa, watu wakiitikia. Kisha akalaza gitaa chini taratibu, akashuka. Deepa akamfuata. Gakii aliumaliza peke yake, na ukumbi ukashangilia ukidhani ndivyo ilivyopangwa.

Kampuni ilimtaka yeye tu. Alisaini.

Baadaye, Noel alipokataa kabisa kuonana naye, Gakii alikwenda Queensbury bila kualikwa. Irene ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mama."

Irene hakuitikia marahaba; aliusukuma mlango ukafunguka zaidi.

"Ingia, nje baridi," alisema. "Lakini usiniombe nikusemee kwa Noel."