Wimbo Uliomtoa Fabiola na Sufuria

Jumanne, saa kumi kasoro robo alasiri, Nohelia alifungua dirisha la chumba chake na kuupiga wimbo wake kwa sauti ya juu kwa mara ya kwanza. Kiitikio kilikuwa hakijafika nusu wakati Fabiola, jirani wa nyumba ya mkabala, alipotoka mlangoni na sufuria mkononi.

Alisimama kwenye ngazi akaangalia mtaa juu, akaangalia chini. Kutoka nyumba ya pembeni akatoka dada mmoja na jagi la plastiki. Kinyozi naye akatoka na bakuli, taulo la mteja likiwa bado begani. Wakaangaliana.

"Nohelia, mwanangu," Fabiola aliita, "wa mazamorra amepita wapi? Nimemsikia hapa hapa."

Nohelia alijibu kwamba hajamwona. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye spika. Wimbo ukakatika.

"Umeona? Keshaondoka," Fabiola alimwambia kinyozi. "Siku hizi ana mbio kama anafukuzwa."

Walirudi ndani na vyombo vyao vitupu. Nohelia alifunga dirisha, akaketi kitandani, asielewe alichokiona. Wimbo ule aliutunga mwenyewe. Ulimchukua miezi saba. Sasa watu watatu wameusikia na wote watatu wamekwenda kutafuta bakuli la mazamorra, mahindi ya kuchemsha na maziwa.

Studio yake ilikuwa kabati la nguo. Alikuwa amelitoa mbao za ndani, akalizungushia mablanketi mawili na godoro kuukuu la mtoto, na humo aliingia na maikrofoni, hedifoni, na gitaa lililobidi kushikwa wima kwa kukosa nafasi. Asubuhi alifanya kazi ya kupanga miadi kwa daktari wa meno. Alasiri aliingia kabatini. Nyimbo zake hazikuanza na maneno. Alipiga gitaa na kuimba la-la-na-na mpaka sauti fulani ikatae kumtoka kichwani, ndipo alipoitafutia maneno, neno moja moja, kama mtu anayejaribisha viatu. Kisha alirekodi gitaa peke yake, akajisikiliza, akaimba juu yake, akaongeza sauti ya pili, na ya tatu, zote zake, mpaka kabatini humo ikawa kama kuna watu wanne.

Shida ilikuwa kelele. Mablanketi hayakuzuia chochote. Mtaa wa Manrique umepanda mlima, na kila pikipiki inayopanda hunguruma mpaka uvunguni mwa kitanda. Chini kulikuwa na cherehani ya mama yake mdogo, Berenice, ambaye alishona sare za shule na hakuwa na mpango wa kunyamaza kwa ajili ya msanii yeyote. Kwa hiyo Nohelia alijizoesha jambo moja: kila rekodi iliyoharibika aliipa jina la kilichoiharibu. Kompyuta yake ilijaa "mbwa-2", "cherehani-11", "pikipiki-6", "Fabiola-anacheka". Hakuzifuta. Aliogopa kufuta, huenda ndani ya mojawapo kuna kitu kizuri.

Rekodi zilizoitwa "mazamorra" zilikuwa kumi na nne.

Alishuka chini kumuuliza mama mdogo. Aliuliza kwa kuzunguka, maana mambo ya nyimbo zake yalimtia aibu hata mbele ya mtu aliyemlea. Je, ule wimbo aliokuwa akiupiga sasa hivi, amewahi kuusikia mahali?

Berenice hakuinua mguu kwenye cherehani. "Ule wa Libardo? Nausikia kila siku. Nilidhani umeamua kumrekodia."

"Ni wangu, mama mdogo."

Cherehani ikasimama.

"Miezi saba kabatini," Berenice alisema polepole, "unatoka na tangazo la mazamorra."

Aliona uso wa Nohelia, akajuta, akajaribu kulifuta neno lake kwa kusema kwamba ni tangazo zuri, kwamba hata yeye anapoushona ukosi huwa anaufuata wimbo huo. Hilo halikusaidia. Juu ya meza ya kushonea, chini ya mkasi, ilikuwapo fomu ambayo Nohelia alikuwa ameiacha hapo tangu wiki iliyopita. Redio ya mtaa ilikuwa inakusanya nyimbo za watu wanaojirekodia nyumbani, ili izipige kwa mwezi mzima. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Fomu iliuliza jina la mtunzi, na chini yake: Je, wimbo huu umeutunga mwenyewe? Visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nohelia hakuwahi kupeleka wimbo wake popote. Huu ndio aliokuwa amejiahidi kuupeleka. Ila hakuwa mtu wa kusaini uongo.

Alipanda juu, akavaa hedifoni, akaanza na "mazamorra-1", ya mwezi wa pili.

Gitaa lake, na la-la-na-na isiyojua inakokwenda. Kisha mbali, kama mtu anaita kutoka chini ya maji, sauti ya Don Libardo, yule mzee muuzaji: mazamorra, mazamorra. Sauti kavu, bapa, isiyo na wimbo wowote ndani yake. Nohelia alipumua. Basi wimbo ni wake.

Kwenye "mazamorra-4" alisikia kitu kingine. Don Libardo aliita, na mwisho wa mwito sauti yake ikapanda ghafla, ikakatika. Kimya kidogo. Halafu Nohelia wa mwezi wa tatu, ndani ya kabati, akaimba, na mwisho wa mstari sauti yake ikapanda vile vile, ikakatika pale pale. Alirudia mara nyingi. Ule mpando wa sauti ndio uliofanya kiitikio kiwe kiitikio. Bila huo ulikuwa wimbo wa kawaida tu wa msichana na gitaa.

Kwenye "mazamorra-12", ya mwezi uliopita, haikuwa tena mzee akiita kwa mdomo bali spika, na spika ilikuwa inaimba wimbo mzima, wake, tangu mwanzo hadi mwisho. Na yeye, aliyekuwa pale pale amevaa hedifoni, hakuusikia. Aliusikia kama kelele tu, akaacha kuimba, akaandika jina la kelele, akaenda jikoni kusubiri mpaka ipite.

Alivua hedifoni. Yeye kachukua kwa mzee, mzee kachukua kwake. Nani alianza? Kila alipolishika jibu upande mmoja lilimponyoka upande wa pili.

Jumatano alimfuata. Alimkuta Don Libardo kwenye kona ya duka la dawa, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, akiwapimia watu mazamorra kwa upawa kutoka kwenye sufuria kubwa ya mkokoteni. Nohelia alisubiri mpaka mtu wa mwisho aondoke, kisha akashindwa kuanza.

"Bakuli ngapi, binti?"

Alisema moja. Hakuwa amekuja na bakuli. Mzee alimtilia kwenye kikombe cha karatasi, na Nohelia, akiwa ameshika kikombe asichokihitaji, akamuuliza wimbo wa spika kautoa wapi.

Don Libardo alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba daktari alimkataza kupiga kelele, koo limechakaa kwa miaka thelathini ya kuita, na mpwa wake akamletea spika inayobeba mwito uliorekodiwa. Ilibidi ajirekodi kwa simu. Alisimama mahali penye kivuli, chini ya dirisha la buluu, akajaribu mwito wake wa zamani, ukatoka kama mtu anayekohoa. Basi akaimba kilichomjia mdomoni.

"Ule wa redioni," alisema.

"Redio ipi?"

"Si kuna mtu ana redio pale juu, dirisha la buluu? Kila siku wimbo ule ule, unakatika katikati, unaanza upya. Nikasema redio hii mbovu, ila wimbo mzuri."

Nohelia aliangalia kikombe chake. "Ile redio ni mimi, Don Libardo."

Mzee alimwangalia juu hadi chini kama anayetafuta kitufe. Kisha akaelewa. Aliuweka upawa chini, akavua kofia, akaishika kifuani kama yuko mazishini.

"Basi nimekuibia, mwanangu."

Nohelia alisema hapana, haraka mno, akajimwagia maziwa vidoleni. Alijaribu kumweleza habari za mwezi wa tatu, kwamba pengine mwizi ni yeye, kwamba ule mpando wa mwisho ni wa mwito wake. Mzee hakuelewa ni mpando gani. Ikabidi auimbe, pale kwenye kona, kwa sauti ndogo, masikio yakimwaka moto.

"Huo?" Don Libardo alisema. "Huo si mwito. Hapo ndipo koo huwa linanishinda, sauti inaruka yenyewe. Au labda ni kaka yangu marehemu, naye alikuwa anaita hivyo. Sijui, binti. Ukiita miaka mingi hujui tena kipi umekifanya na kipi kimekufanyikia."

Alivaa kofia. Akasema yeye si mtu wa kula jasho la mwingine, na leo leo mpwa wake atakifuta kile kitu kwenye spika. Akausukuma mkokoteni. Nohelia alitaka kumwambia usifute, tafadhali, sikuja kwa hilo. Maneno yalimfika mdomoni wakati mzee ameshapinda kona, kama ilivyokuwa kawaida ya maneno yake.

Alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Kama mpando ule si wa mzee, ni wa nani? Wa koo bovu? Na je, mtu anaweza kuandika koo bovu kwenye mstari wa mtunzi? Mama mdogo alipendekeza aandike jina lake na aachane na mengine, kwani redio haitatuma polisi. Nohelia aliikunja fomu, akaikunjua, akaikunja tena.

Alhamisi saa kumi kasoro robo alikuwa mezani akijaribu kiitikio kingine, kisicho na mpando, ili amalize shaka. Kilikuwa sahihi na hakikuwa na uhai. Ndipo aliposikia magurudumu ya mkokoteni.

Hakukuwa na spika. Don Libardo alikuwa anaita kwa mdomo. "Mazamorra," akaita, na sauti ikatoka nusu, kama mlango wenye kutu. Akatulia, akameza mate, akaita tena. Nohelia alichungulia. Mzee alikuwa amesimama katikati ya mtaa, mkono kooni. Mlango wa Fabiola ulikuwa umefungwa. Kinyozi alikuwa ananyoa. Hakuna aliyesikia kitu. Mzee alingoja kidogo, kisha akainama kuushika mkokoteni aondoke.

Nohelia hakuwahi kuimba nje ya kabati. Hata kanisani alikuwa akifungua mdomo tu. Aliushika ukingo wa dirisha, akaanza, na mstari wa kwanza ulitoka mdogo mpaka yeye mwenyewe akautilia shaka. Pikipiki ikapita, ikaifunika sauti yake. Katika kabati hapo ndipo angeacha na kuandika jina la pikipiki. Safari hii aliendelea. Aliimba la-la-na-na, maana maneno yote ya miezi saba yalikuwa yamemtoroka, na sauti ilipofika kwenye kiitikio ilikuwa imeshafika upande wa pili wa mtaa.

Mlango wa Fabiola ukafunguka. Sufuria, kisha Fabiola.

"Huyo hapo," alisema, akielekea kwenye mkokoteni. Alipogundua sauti inatoka wapi alisimama, akainua kichwa. "Libardo, leo umepanda ghorofani?"

Dada wa pembeni akatoka na jagi. Kinyozi akatoka na bakuli, na mteja wake nyuma, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Chini, cherehani ilikuwa kimya. Don Libardo alikuwa ameinua uso kuelekea dirisha la buluu. Nohelia alipofika mwisho wa mstari mzee alifungua mdomo kumsaidia, na pale pale koo likamshinda, sauti ikaruka. Zikaruka mbili kwa pamoja. Nohelia alisikiliza kwa makini, kwa kuwa ndicho alichokuwa akikitafuta tangu Jumanne, na hakuweza kutenganisha ipi ni ipi.

Aliimba mpaka sufuria kubwa ikaisha. Kisha akarudi ndani, akaikunjua fomu.

Kwenye mstari wa mtunzi aliandika Nohelia Arboleda. Akaangalia nafasi iliyobaki, akaongeza "na Libardo Quiceno", kwa herufi zilizozidi kuwa ndogo kadiri mstari ulivyokwisha, hata "no" ya mwisho ikaning'inia pembezoni mwa karatasi. Ukabaki ule mstari wa chini. Je, wimbo huu umeutunga mwenyewe? Aliipeleka kalamu kwenye ndiyo. Akairudisha kwenye hapana. Nje, Fabiola alikuwa anamuuliza Don Libardo kama kesho ataimba binti au ataimba yeye, na mzee akajibu kwamba hajui, waulizwe juu.

Nohelia aliweka alama katikati ya visanduku viwili, akaikunja fomu kabla hajajiuliza tena, akaenda kutafuta viatu ili aipeleke redioni.